Namba Yako Inaanzia Ngapi?

Mama yangu hatupi kadi ya harusi. Kabati lake la vyombo lina droo nzima ya kadi, zimefungwa mafungu mafungu kwa mipira ya kufungia noti. Tulipokuwa tunalihamisha kabati hilo nilikaa sakafuni nikaanza kuzipitia. Majina ya maharusi sikuyajali sana, maana wengine walishaachana. Nilikuwa nasoma pale chini kabisa, wanakamati wanapoweka namba zao za simu kwa ajili ya michango na majibu.

Kadi ya 1997 ina namba tatu za mezani, zote za 051, ambayo ndiyo ilikuwa alama ya Dar es Salaam wakati huo. Namba ya nne, ya mwenyekiti wa kamati, inaanza na 0811. Kadi ya 2002 ina 0741 mbili, 0744 tatu na 0748 moja. Ya 2009 ina 0713, 0754, 0784, na mwisho wa orodha, kwa mweka hazina msaidizi, 0655. Hakuna aliyeniambia nani kati ya hao alikuwa na gari na nani alikuja kwenye vikao kwa daladala, lakini kwa kuzitazama namba tu ningeweza kukisia, na mama alipoulizwa alithibitisha. Mweka hazina msaidizi alikuwa kijana aliyetoka kumaliza chuo.

Nchi yetu imekuwa na simu za mkononi kwa miaka thelathini na kitu. Kampuni zimekuja na kuondoka, zimeuzwa na kubadili majina. Kitu ambacho watu walikishika, wakakitunza na hata kukionea fahari ni zile tarakimu nne za mwanzo.

Kabla ya hapo simu ilikuwa kitu cha mezani, na mara nyingi meza yenyewe ilikuwa ya serikali. Shirika la Posta na Simu ndilo lililokuwa na kila kitu: nguzo, waya, mitambo, na foleni ya waombaji waliokaa miaka wakisubiri laini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 laini zote nchini hazikufika laki moja, na sensa ya 1988 ilikuwa imehesabu watu zaidi ya milioni 23. Nyumba yenye simu ilijulikana mtaa mzima, na mwenye nyumba alijua kwamba inajulikana. Ndiyo maana simu nyingi zilifungwa kufuli. Kilikuwa kikufuli kidogo kilichopita kwenye tundu moja la ule mduara wa kuzungushia namba, usiweze kuzunguka. Ungeweza kupokea, kupiga ungemwomba mwenye ufunguo. Nyumbani kwa rafiki yangu mmoja ufunguo huo ulikaa kwenye mkufu wa baba yake, pamoja na msalaba.

Kujionyesha, enzi hizo, kulikuwa na mipaka yake. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni au nyumba za kupangisha, na hata ambao si viongozi walijifunza kuficha walichonacho. Kisha akaja Mzee Mwinyi na ruksa zake. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti ya viongozi. Mwaka 1993 sheria mpya ikalivunja Shirika la Posta na Simu: posta ikaenda kivyake, simu ikawa TTCL, na ikaundwa Tume ya Mawasiliano ya kutoa leseni kwa watu binafsi. Ndipo ukafika mwaka 1994, ambao kwa maoni yangu ndio mwaka Dar es Salaam ilipoanza kujitazama kwenye kioo. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka huo. Mashindano ya Miss Tanzania, yaliyokuwa yamepigwa marufuku tangu miaka ya 1960, yalirudi mwaka huohuo. Na mwaka huohuo Mobitel, ya kampuni ya MIC Tanzania iliyokuwa chini ya Millicom, ikawasha mitambo yake ya kwanza.

Mjomba wangu aliuza vipuri vya magari Gerezani. Alinunua Mobitel mwaka 1996, na nakumbuka vizuri alivyoiingiza baa. Hakuiweka mfukoni, haikuingia. Ilikaa kiunoni kwenye mfuko wa ngozi wenye kifungo, na akishakaa aliitoa, akaisimamisha mezani pembeni ya chupa. Ilisimama wima kama askari, antena juu, kwa kuwa kitako chake kilikuwa kipana. Kuilaza isingependeza, watu wa meza ya pembeni wasingeiona. Basi tulikaa tukiitazama. Haikulia. Nani angempigia? Waliokuwa nazo walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa kwenye baa nyingine wakizitazama za kwao. Ilipolia siku moja, mjomba alisimama, akatoka hadi barabarani na kuongea kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Aliporudi alisema tu, "Mzigo umefika." Wiki nzima tulilizungumza neno hilo.

Wakati huo hakukuwa na mtandao wa kuchagua. Kusema "nina Mobitel" kulikuwa sawa na kusema "nina simu", na kwa muda fulani jina hilo likawa ndilo jina la chombo chenyewe: "nitafute kwenye mobitel". Alikuja Tritel, akapata wateja wake mjini, lakini hakudumu. Miaka michache baada ya 2000 alikuwa keshaondoka na laini zake zikabaki kuwa alamisho za vitabu. Upande wa Zanzibar, Zantel ilianzishwa 1999, na huko hadithi ilikwenda kivyake kabisa. Namba zake za 0747, baadaye 0777, zikawa kama lafudhi. Mpaka leo ukimpa Mzanzibari namba ya bara kwa mara ya kwanza, kuna uwezekano akakuuliza kama huna "ya huku".

Kuchagua kulianza Agosti 2000, Vodacom ilipoingia. Ilikuja na nguvu ya mama yake wa Afrika Kusini, ikasambaza minara mikoani na kuufanya uuzaji wa vocha za kukwangua kuwa biashara ya kila kona. Wakati huohuo namba zilikuwa zimepangwa upya nchi nzima: 051 ya Dar es Salaam ikawa 022, 0811 ya Mobitel ikawa 0741, na Voda ikapewa 0744. Wenye 0741 waliwatazama wenye 0744 kama wenyeji wanavyowatazama waliohamia mtaani juzi. Mjomba alikuwa na kauli yake: "Hizo 0744 ni za watoto wa shule." Watoto wa shule walikuwa wengi. Haikuchukua muda Voda ikaipita Mobitel kwa idadi ya wateja, kisha ikafanya jambo ambalo Mobitel haikuwa imelifanya kwa kiwango hicho: ikajibandika kwenye kila kitu ambacho watu walikipenda. Ligi kuu ya soka ikawa Ligi Kuu ya Vodacom. Mashindano ya urembo yakawa Vodacom Miss Tanzania. Mtu aliyekuwa na 0744 akawa kwa namna fulani upande wa Simba na Yanga kwa pamoja, na warembo juu.

Novemba 2001 ikaja Celtel, na hii ilikuwa na damu nyingine. Mapema mwaka huo kampuni ya MSI ya Mo Ibrahim, Msudani aliyeianzisha Celtel, ikishirikiana na Detecon ya Ujerumani, ilikuwa imenunua asilimia 35 ya TTCL, na Celtel Tanzania ikazaliwa ndani ya nyumba hiyo. Kwa hiyo ilipoanza ilikuwa na harufu ya ofisi. Mabwana shamba, wahasibu wa halmashauri, walimu wakuu, watu waliozoea TTCL walijikuta kwenye 0748 bila hata kufikiri sana. Sina takwimu za kuthibitisha hili na silihitaji. Niulize tu nani kati ya baba zetu waliostaafu serikalini ana namba ya 0784, ambayo ndiyo 0748 ya zamani.

Upande wa pili wa mpaka mgawanyo ulikuwa wazi zaidi, kwa sababu ulianzia kwenye bei. Kenya walipata kampuni mbili mwaka 2000: KenCell mwezi Agosti, iliyomilikiwa na Vivendi ya Ufaransa pamoja na kundi la Sameer la Naushad Merali, na Safaricom mwezi Oktoba, ambayo Vodafone ilikuwa imechukua asilimia 40. KenCell ilitoza kwa dakika. Ukiongea sekunde kumi umelipia dakika nzima. Safaricom chini ya Michael Joseph ikaamua kutoza kwa sekunde. Uamuzi mdogo tu wa hesabu, lakini uliwagawa watu. Mwenye kampuni, mwenye ofisi yenye zulia, alikuwa na 0733 ya KenCell na hakuhesabu sekunde. Muuza sukuma wiki alikuwa na 0722 na alizihesabu zote. KenCell ilifurahia kuwa ya wakubwa, na nadhani kufurahia huko kuligharimu, maana wauza sukuma wiki ni wengi kuliko wenye zulia na wao ndio wanaopigiana. Mwaka 2004 Merali alitumia haki yake ya kununua kwanza, akachukua hisa za Vivendi kwa dola milioni 230 na kuziuza papo hapo kwa Celtel kwa milioni 250. Yeye aliondoka na faida. Wenye 0733 walibaki na namba ya heshima kwenye mtandao uliokuwa unaachwa nyuma. Na cha kuchekesha ni kwamba leo Nairobi anayekupa 0722 kavu, zile za mwanzo kabisa, anakupa kwa kujivuna. Ya muuza sukuma wiki imekuwa ya kifahari kwa kuzeeka tu.

Sisi uzee wa namba ulitujia kwa amri. Katikati ya miaka ya 2000 mamlaka ilipanga namba upya tena, kila kampuni ikapewa familia yake. 0741 ikawa 0713. 0744 ikawa 0754. 0748 ikawa 0784. Tarakimu sita za mwisho zilibaki vilevile. Mafundi wa kuchora mabango walipata kazi ya ghafla. Kila duka lililokuwa na namba ukutani lilihitaji tarakimu moja au mbili zifutwe na kuandikwa upya, na mpaka leo ukitazama vizuri baadhi ya kuta utaona "54" ina rangi iliyokolea kuliko wenzake. Kadi za biashara zilisahihishwa kwa kalamu. Mjomba alizisahihisha za kwake mia nzima usiku mmoja, na ninaamini alifurahia, kwa sababu kadi yenye 0741 iliyokatwa kwa wino ilikuwa ushahidi. Ilisema: nilikuwapo.

Maana kampuni zilipoishiwa namba katika familia hizo, zilifungua nyingine. Mobitel, ambayo wakati huo ilishapita jina la Buzz na kuwa Tigo, ikaja na 0715, 0717, kisha 0655. Voda ikaja na 0755, 0767. Ndipo watu walipoanza kuyahesabu matabaka kama miaka ya mti. Mwenye 0713 alikuwa na simu kabla ya wote. Mwenye 0754 alifika alfajiri. Mwenye 06 alifika jua limeshachomoza. Mtu akikupa namba ofisini, sikio lilisikiliza tarakimu nne, likapima, halafu mkono ndio ukaandika.

Wakati huohuo bei ilikuwa inafanya kazi yake kimyakimya. Kupiga ndani ya mtandao wako kulikuwa nafuu. Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa sababu kila kampuni ilimtoza mwenzake kwa kupokea simu yake. Kabla ya 2013 tozo hiyo ilizidi shilingi mia kwa dakika. Kwa hiyo ukoo ulihama pamoja. Binti akiolewa kwenye familia ya Tigo, alinunua laini ya Tigo. Mchumba aliyekataa kununua alikuwa anasema kitu. Waliokuwa na watu pande zote wakanunua laini pande zote, na hapo simu za Kichina za laini mbili zikaijaza Kariakoo.

Hapa niseme jambo ambalo wanaoandika habari za simu hawalitaji. Simu ya laini mbili ilikuwa msaada mkubwa na aibu ndogo. Ilitangaza kwamba mwenyewe anapiga hesabu. Mkubwa wa kweli hakuwa nayo. Mkubwa alibeba simu mbili. Akiingia mkutanoni aliziweka mezani zote, moja juu ya nyingine, Voda na Celtel, na alipoitwa aliangalia ni ipi. Mwalimu wangu mmoja alikuwa na Nokia mbili zinazofanana kabisa, na moja, tuligundua baadaye, haikuwa na laini ndani.

Na kulikuwa na kubipu. Unapiga, inaita mara moja, unakata, mwenzako anajua umemkumbuka na yeye ndiye atakayelipia. Hakuna aliyeandika kanuni zake lakini wote tulizijua. Mdogo humbipu mkubwa. Mwanafunzi humbipu mjomba. Mwanaume hambipu mwanamke anayemtaka, labda awe hamtaki. Fundi anaweza kumbipu mteja kama kazi imeisha, lakini mteja akimbipu fundi hiyo kazi haitaisha. Mtu aliyepata cheo alijulikana siku alipoacha kubipu, na waliokuwa wakibipiana naye walijua hivyo kabla ya barua ya uteuzi kutoka.

Aprili 2008 Vodacom ikaleta M-Pesa nchini, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya. Swali likabadilika. Kabla yake uliulizwa namba, sasa uliulizwa "una Voda?", kwa sababu mtu alikuwa na elfu ishirini ya kukutumia. Tigo Pesa ikafuata 2010, na Airtel Money, ya ile iliyokuwa Celtel. Lakini pesa za mtandao mmoja hazikuvuka kirahisi kwenda mwingine mpaka kampuni zilipokubaliana; Airtel, Tigo na Zantel walianza 2014, Voda wakajiunga 2016. Kwa miaka hiyo yote laini ilikuwa pochi, na pochi haina kiburi. Mama alikuwa na laini nne kwenye kibahasha cha kitambaa, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mtoto anayetumia mtandao huo kumtumia. Hakujua ipi ni ya kifahari. Alijua ipi inaleta.

Vijijini fahari hiyo haikuwahi kuota mizizi. Huko mtandao mzuri ni ule unaoshika, na unashika pale penye mwembe, juu ya kichuguu, mkono wa kushoto. Viettel ya Vietnam ililielewa hilo. Ilipokuja na Halotel Oktoba 2015 ilikuwa imeshavuta nyaya na kupanda minara sehemu ambazo wengine walizipita kwa gari. Mjini watu waliicheka 062 kwa muda. Walioicheka walinunua kimya kimya walipokwenda likizo kwao.

Kuta za maduka zimeyatunza haya yote vizuri kuliko kumbukumbu zetu. Karibu na stendi moja ninayopita mara nyingi kuna kibanda ambacho rangi yake inabanduka. Juu ni nyekundu ya Airtel. Pale ilipobanduka inaonekana zambarau, ya Zain, jina lililokuwapo kuanzia 2008 mpaka Wahindi wa Bharti walipoinunua kampuni 2010. Chini ya zambarau, sehemu ndogo kama kiganja, manjano ya Celtel. Kampuni ileile, mwenye kibanda yuleyule, rangi tatu. Voda nayo ilikuwa ya bluu kabla ya 2011. Na Novemba 2024 Tigo, iliyokuwa Buzz, iliyokuwa Mobitel, ikaitwa Yas. Namba ya mjomba haikuguswa na lolote kati ya hayo, zaidi ya kalamu yake ya usiku ule.

Kisheria, tarakimu zile zilipoteza maana Machi 2017. Kuanzia hapo uliruhusiwa kuhama mtandao na namba yako: unakwenda kwa wakala, unatuma neno HAMA, umehama. 0754 inaweza kuwa Airtel, 0713 inaweza kuwa Voda. Tozo ya kupokea simu za wengine, iliyoshushwa hadi shilingi 34.92 mwaka 2013, ilizidi kuporomoka, na kufika 2022 ilikuwa shilingi 2. Bando zikawa za mitandao yote. Kisha ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole: tarehe ya mwisho iliyokuwa Desemba 31, 2019 ikasogezwa siku ishirini, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa kwa namba ya NIDA zikaanza kuzimwa. Foleni zile ziliwasimamisha 0713 na 062 kwenye jua moja, kila mmoja ameshika karatasi yake. Na siku hizi Voda inatoa tena namba za familia ya 074. Ukikutana na kijana ana 0744 usimwamkie. Kaipata mwaka juzi.

Hata hivyo, wiki chache zilizopita nilisimama Kariakoo kwa binti anayesajili laini chini ya mwamvuli. Mbele yangu alikuwepo jamaa wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, ameshatoa kitambulisho. Binti akamgeuzia trei ya laini achague. Akazipitia taratibu, akazirudisha.

"Dada, huna inayoanzia 0713?"

"Hizo ziliisha zamani, kaka. Kuna 0717 hii hapa."

Akaishika, akaitazama, akaisoma kwa sauti ya chini mara mbili.

"Chukua tu," binti akamwambia, huku anafuta mashine ya vidole na kanga. "Ukiitaja harakaharaka, nani atajua?"